Lucy ni yule au ni kile?

Mwezi uliopita, katika mazoezi ya tafsiri, darasa letu liligombana karibu saa nzima kwa sababu ya kiambishi kimoja. Mwalimu alikuwa ametupa kurasa chache za Dracula, riwaya ya Bram Stoker iliyotoka mwaka 1897, tuzitafsiri kwa Kiswahili. Ni kurasa za makaburini. Lucy, aliyekuwa mchumba wa Arthur, amekufa na amezikwa. Usiku, wanaume wanne wanajificha karibu na kaburi lake: Arthur mwenyewe, rafiki zake Seward na Morris, na profesa mzee Van Helsing. Lucy anarudi kutoka matembezi yake, amebeba mtoto, damu mdomoni. Anamwona Arthur. Anamtupa mtoto chini, ananyosha mikono, anamwita Arthur kwa sauti tamu aje kwake. Arthur naye anafungua mikono. Hapo profesa anaruka katikati yao na msalaba.

Kundi la kwanza liliandika: "Akacheka, akamwita." Kundi la pili: "Kikacheka, kikamwita." Kundi la tatu, ambamo nilikuwa mimi, liliandika a- katika mstari mmoja na ki- katika mstari uliofuata, na tulipoulizwa sababu hatukuwa nayo. Saa ikaisha. Mwalimu akasema atakayepata jibu aliandike katika jarida letu. Basi naandika, ingawa jibu langu limenipeleka mbali na somo la tafsiri, hadi kwenye mlango wa nyumba yetu wenyewe.

Nianze na lugha. Msimulizi wa tukio hili ni Seward, daktari, na yeye pia alikuwa amempenda Lucy. Katika Kiingereza chake anatoka kwenye kiwakilishi cha mwanamke na kuingia kwenye kiwakilishi cha kitu, anarudi, anaingia tena. Anatuambia wazi kwamba analiita lile lililo mbele yake Lucy kwa sababu tu lina umbo lake. Wengi wetu tuliisoma riwaya hii kwa Kifaransa, na huko hatukuona kitu. Kwa nini? Kwa sababu katika Kifaransa chose ni neno la kike. Ukisema elle, unaweza kuwa unamtaja Lucy, unaweza kuwa unaitaja chose. Msomaji wa Kifaransa anapita juu ya shimo bila kujua kuwa lipo.

Kiswahili hakina njia hiyo ya kujificha. Kitu kile kilichokuwa na sura yake kikacheka kicheko chake kibaya: ki- inagonga karibu katika kila neno, kama mtu anayepiga misumari. Tena tunajua wote kwamba katika lugha yetu kiumbe chenye uhai hakitoki kwa urahisi katika upatanisho wa a- na wa-. Kijana amefika. Kiongozi amesema. Kipofu anaimba. Sura ya neno ni ya ki-, lakini kitenzi kinakataa kumfanya mtu kuwa kitu. Hata kifo hakimtoi mtu humo: marehemu alituusia, marehemu alipenda watu. Ukisikia mtu anasema "kijana kile kimefika", ujue ametaka kusema hivyo, na kijana huyo hapendwi.

Kiswahili chetu cha Lubumbashi kinaonyesha jambo hili vizuri zaidi. Tukisema "kale katoto kanalala", tunasema kwa huruma, karibu tunamfunika blanketi. Tukisema "kile kimutoto kinalala", hatuzungumzi tena kwa huruma. Mtoto ni yuleyule, usingizi ni uleule. Kilichobadilika ni moyo wa msemaji, na moyo huo umejitokeza katika silabi moja.

Kwa hiyo, kwa swali la darasa, nasema makundi yote matatu yalikosea. La kwanza lilimweka Lucy katika a- tangu mwanzo hadi mwisho kwa sababu sarufi inaruhusu, likafuta kile ambacho mwandishi amekionyesha. La pili lilimtoa katika ngeli ya watu tangu alipotokea, likamhukumu kabla ya Seward kumhukumu. Letu lilibahatisha. Mfasiri afuate hatua kwa hatua: penye mtu aandike mtu, penye kitu aandike kitu, bila kulainisha, ili msomaji aone ni nani amemsukuma Lucy na wakati gani. Na asikose kuona mwisho wake. Kesho yake Arthur anapigilia kigingi katika moyo wa Lucy. Uso wa zamani unarudi, na profesa anamruhusu ambusu. Sasa ni Lucy tena. Amerudishiwa ngeli yake baada ya kuuawa mara ya pili.

Kuna pia swali la jina. Wenzetu wengine walipendekeza tumwite mumiani, wengine mutumbula. Mimi nakataa yote mawili. Mumiani wa pwani na batumbula wa Katanga ni ndugu katika hofu ya wakati wa ukoloni, na mwanahistoria Luise White amewakusanya pamoja na wazimamoto wa Nairobi na Kampala katika kitabu chake cha mwaka 2000 kuhusu uvumi na historia. Lakini nkambo wangu aliyetusimulia habari za batumbula hakusema hata siku moja kwamba mutumbula ni mtu wako aliyekufa. Mutumbula ni mgeni, au ni mtu anayelipwa na wageni. Anakuvizia njiani usiku, anakupeleka kwa mzungu wake. Unamkimbia, hujiulizi kama unampenda. Vampiri wa Ulaya ya mashariki ni habari nyingine. Anatoka ndani ya nyumba, anajua jina lako, anajua mlango unafungukia wapi. Kifaransa kina neno zuri kwake: revenant, anayerudi. Huwezi kurudi mahali ambapo hukuwa wa kwao.

Tazameni habari ya Petar Blagojević, mkulima wa kijiji cha Kisilova huko Serbia, ambayo afisa wa dola ya Austria aliiandikia ripoti mwaka 1725 na gazeti la Vienna likaichapa mwezi wa Julai. Petar amezikwa. Baada ya wiki kama kumi, watu tisa wanakufa ndani ya siku nane, nao kabla ya kufa wanasema Petar aliwajia usingizini na kuwakaba. Mke wake amekwisha kuhama kijiji, kwa sababu anasema mume wake alimjia pia. Alitaka nini? Damu? Hapana. Alidai viatu vyake. Kijiji kikafukua kaburi, kikamchoma kigingi, kikamteketeza. Ripoti hiyo ni miongoni mwa maandishi ya kwanza yaliyoleta neno vampiri katika magazeti ya Ulaya ya magharibi. Wanahistoria wanaisoma kwa sababu ya kigingi. Mimi nilikwama kwenye viatu, na nitasema kwa nini.

Kabla ya hapo, habari moja tena, maana kuna watakaosema hayo ni mambo ya zamani sana. Mwaka 1892, huko Exeter, jimbo la Rhode Island nchini Marekani, mkulima George Brown alikuwa amezika mke wake mwaka 1883, binti yake mkubwa mwaka 1884, na Mercy, binti mwingine mwenye miaka 19, mwezi wa Januari mwaka huohuo wa 1892. Wote kwa kifua kikuu. Edwin, mwanawe, alikuwa mgonjwa pia. Majirani wakasema mmoja wa wale wafu anamnyonya ndugu yake kutoka kaburini. George, kwa tunavyosoma, hakuamini. Lakini majirani walisisitiza, na akakubali. Tarehe 17 Machi walifungua makaburi. Mercy, aliyewekwa katika chumba cha maiti wakati wa baridi kali, alikuwa hajaoza. Daktari alieleza kwamba hilo ni la kawaida. Hawakumsikiliza. Walichoma moyo wake, majivu yakachanganywa na maji, Edwin akanywa. Alikufa tarehe 2 Mei. Robert Koch alikuwa ametangaza kijidudu cha kifua kikuu miaka 10 kamili kabla ya hapo.

Mwanaisimu atapenda kujua hili: wakulima wa Exeter, kadiri watafiti walivyochunguza, hawakuwa wakisema "vampiri". Neno hilo lilibandikwa na magazeti. Wao walitaka dawa ya Edwin tu. Lakini hata bila neno hilo, walikuwa wamekwisha kufanya kazi ile ya Seward. Binti wa George alikuwa amekwisha kuwa kitu kinachokula. Na kitu kinachokula ndugu yako, nani atakihurumia?

Sasa nije nyumbani.

Nilipokuwa na miaka 17, mama mdogo wangu alifariki, na mtoto wake wa kiume akaja kukaa kwetu. Alikuwa na miaka 9. Alilala chumba kimoja nami, aliniita Yaya. Mama alimwita "kale katoto ka mudogo wangu". Alikojoa kitandani, alizungumza usingizini, alikula bukari kuliko sisi wote, kama mtoto yeyote aliyefiwa. Mwaka uliofuata mjomba wangu aliugua tumbo, akafa haraka. Kisha dada yangu akaanza kukohoa. Mtu wa familia akatupeleka katika chumba cha maombi, na huko tukaambiwa kwamba katika lupango letu kuna mtoto anayetoka usiku na kunywa damu ya ndugu zake. Kwamba yule tuliyemleta kutoka matanga si mtoto wa mama mdogo tena. Mtoto alibaki kulekule matangani, waliyetuletea ni mwingine katika sura yake. Neno lililotumika halikuwa vampiri, lilikuwa mulozi. (Wasomaji kutoka Afrika Mashariki watusamehe: kwetu balozi si watu wa ubalozini.) Lakini mafundisho ni yaleyale ya Van Helsing: sura ni yake, yeye hayumo.

Wakati ule sikuwa mwanafunzi wa isimu. Leo nikikumbuka, nasikia jinsi nyumba yetu ilivyobadilisha ngeli. Wiki ya kwanza, "kale katoto". Wiki ya pili, "ule mutoto", kama mtoto wa jirani. Mwisho wa mwezi, "kile kimutoto kimeisha kula?" Hakuna aliyeamua. Hakuna kikao kilichofanyika. Baba hakuamini, lakini alikuwa amechoka kubishana, na dada alikuwa anakohoa kila usiku. Nami nilisema "kile" kama wengine. Nilihamia kulala sebuleni.

Walimpeleka kwenye maombi ya kufunga. Akatoroka. Tukasikia analala sokoni pamoja na watoto wengine ambao mji huu unawajua vizuri, na ambao wengi wao walitoka nyumbani kwa njia hiyohiyo. Baada ya miezi kama mitatu, katika msimu wa mvua, alirudi. Ilikuwa usiku, umeme umekatika. Aligonga mlango. Nilikuwa peke yangu sebuleni, mita mbili kutoka alipo.

Akasema: "Yaya, unipe bilato yangu."

Viatu vyake vya shule vilikuwa chini ya kabati. Nilikuwa naviona kwa mwanga wa mshumaa. Nilijua sauti, nilijua ni yeye, na wakati huohuo niliogopa kama nilivyoogopa batumbula wa nkambo. Sikufungua. Lakini kufungua si jambo ninalojilaumu zaidi, kwa maana pengine baba angenipiga, pengine dada angepiga kelele. Ninalojilaumu ni kwamba sikujibu. Sikusema hata "subiri", hata "toka". Aliniita mara tatu, kisha nikasikia miguu yake katika matope.

Ndiyo maana nilikwama kwenye viatu vya Petar. Na ndiyo maana, niliporudi kwenye kurasa zetu za makaburini, niliona jambo ambalo makundi matatu ya darasa hayakuliona. Sisi tuligombania nafsi ya tatu, yule au kile. Lakini Lucy katika tukio lile anatumia nafsi ya pili. Anamwita Arthur, anazungumza naye, anamwambia njoo. Na wanaume wanne wenye silaha na elimu, hakuna hata mmoja anayemjibu. Wanazungumza kuhusu Lucy. Profesa anamuuliza Arthur kama aendelee na kazi, Arthur anapiga magoti na kumwachia afanye atakavyo. Kesho yake, mbele ya jeneza, Arthur bado anamuuliza profesa kama aliye mbele yao ni Lucy kweli. Anamuuliza profesa, hamuulizi Lucy. Kabla ya "yule" kugeuka "kile", kuna neno lililokwisha kupotea, nalo ni "wewe".

Najua mtakachonijibu, kwa sababu rafiki yangu mmoja amekwisha kunijibu hivyo. Alisema: katika riwaya, Lucy anauma watoto kweli. Wangempa Arthur dakika moja ya kuzungumza naye, angeumwa pia. Unataka wamkaribishe chai? Hoja hiyo ina nguvu, na siikimbii. Katika riwaya Stoker ameweka sheria zake, na kwa sheria zake Van Helsing anasema kweli. Mfasiri hana ruhusa ya kumwokoa Lucy. Lakini sisi hatuishi ndani ya riwaya. Huku nje, Petar alikuwa maiti iliyooza taratibu, Mercy alikuwa msichana aliyekufa kwa kijidudu, na mdogo wangu alikuwa mtoto asiye na mama. Kila mara hatari ilikuwa ya kweli, watu walikuwa wanakufa kweli, ila haikutoka kwa yule aliyenyoshewa kidole. Dada yangu hatimaye alipelekwa hospitali, akapewa vidonge vya kifua kikuu, akapona. Hakuna aliyemtafuta mtoto kumwambia.

Wengine watasema hilo ni jambo la sheria, si la isimu. Sheria ipo. Ibara ya 41 ya Katiba yetu ya mwaka 2006 inakataza kumsingizia mtoto uchawi, na Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 ya ulinzi wa mtoto imerudia katazo hilo. Lakini sheria inafika wakati mtoto amekwisha kufukuzwa. Ngeli inabadilika wiki nyingi kabla, jikoni, wakati wa kugawa chakula, na hakuna polisi anayesikia silabi. Sisi wa kitivo hiki tumefundishwa kuisikia. Tunaandika kazi za mwisho wa mwaka juu ya upatanisho wa kisarufi, na ni vizuri. Ila masikio hayo tusiyaache ukumbini tunapotoka jioni. Ukisikia kwenu mtoto, mzee, au mgonjwa wa akili ameanza kuitwa kwa ki- katika nyumba ambayo jana ilimwita kwa ka- au kwa jina lake, tayari kuna mtu anatafuta kigingi. Mjibu aliyesema. Kisha zungumza na mwenyewe, mwambie wewe.

Kwa mwalimu wetu, basi, natoa jibu lililochelewa. Penye kitu tuandike kitu, na ki- zake zote, zimkere msomaji kama inavyopasa. Penye maneno ya Lucy, tuandike "njoo" iliyo wazi kabisa, na baada yake tusijaze ukimya kwa maneno yetu. Msomaji wa Kiswahili atausikia ukimya huo, kwa kuwa kwetu mtu akiitwa huitika.

Mdogo wangu yu hai. Nilimwona mwaka jana kando ya barabara ya kwenda Likasi, anaosha magari, amekuwa mrefu kuniliko. Nilishuka, nikamwita kwa jina lake. Aliniangalia kwa muda, akafuta mikono, akasema: "Jambo, patron." Nilimwambia: ni mimi, Yaya yako. Akasema anajua. Tulisimama pale, tukazungumza kidogo juu ya bei ya sabuni. Nimerudi mara nne tangu siku ile. Bado ananiita patron. Naitika.